Yah: Kufunga Muhula

Shule ya Sekondari Mawematatu,
Kayenze, karibu na mwalo.
Kwa mzazi au mlezi wa …………
(nafasi nimeiacha makusudi,
mtoto ajaze jina lake kwa mkono wake).

Salamu.
Mkuu wa shule yuko wilayani, kikaoni.
Barua hii naandika mimi, makamu,
kwa taa ya sola inayokaribia kukata roho,
basi mwandiko mtanisamehe.

Kwanza, mahudhurio.
Daftari langu linafuata mwezi kuliko kalenda:
mwezi mpevu, darasa linafurika;
mwezi ukizama, madawati yanapumua.
Giza ni la dagaa, najua.
Najua taa zinavyoita usiku kucha,
na asubuhi chanja zinavyotaka mikono midogo ya kuanika.
Dagaa ndiyo walionisomesha,
madaftari yangu yalinuka hadi chuoni.
Lakini kipeuo cha pili
hakingoji mwezi uandame.

Pili, sare.
Shati jeupe. Sikusema jipya. Jeupe.
Kola iliyogeuzwa na fundi ni kola.
Nywele fupi kwa wote,
pamoja na yule kijana wa Kidato cha Tatu
anayedai kiduku chake ni cha kurithi.

Tatu, viboko.
Walikuja Jumanne usiku, watatu na ndama wao,
wakamaliza kabichi za Kidato cha Pili
na kuacha nyayo pana kama masufuria.
Vile viboko vingine, vya mwalimu wa nidhamu,
vimepungua tangu Machi.
Tulibishana mpaka chai ikapoa,
tukakubaliana kwanza tuulize: umekula?
Mara nyingi kesi inaishia hapo.
Kwa hiyo, debe la mahindi kwa anayeweza.
Asiyeweza, kuni.
Asiye na kuni, aje mwenyewe Jumamosi:
kuna uzio wa kujenga kabla ndama hajajifunza njia.

Maneno matatu ya shule, pale ukutani:
mvua za Aprili zimefuta Bidii.
Ukweli na Utu bado vinasomeka.
Rangi tumeagiza mjini.

Habari nyingine.
Kashinje wa kisiwani Bezi amepata A ya Kemia,
katika maabara yenye bomba lisilotoa maji,
na ziwa lote lile dirishani likimtazama.
Mzee Lubango, mlinzi, amestaafu.
Amekabidhi filimbi, tochi na funguo kumi na moja;
tisa hazifungui chochote,
lakini kazihesabu zote mbele yetu.
Nyamizi amerudi Kidato cha Tatu.
Mwanawe ana miezi saba, analelewa na bibi.
Saa nne anakwenda kunyonyesha, saa nne na nusu yuko darasani.
Hapa anaitwa Nyamizi.
Si Mama Nani.
Mwenye neno aje ofisini, kiti kipo.

Mwisho, ripoti.
Zitatolewa Ijumaa, mkononi mwa mtu mzima.
Ripoti za Bituro Mafuru ziko kabatini,
mihula mitatu sasa.
Kila siku ya kufunga anabaki kufagia ofisi yangu,
anafagia palipokwisha kufagiliwa,
polepole,
akisubiri nichoke, nimpe.
Sijampa. Nimekaribia.
Hatudai mchango. Tunadai mtu.
Shangazi, jirani, mwenye mtumbwi anaomwajiri usiku,
hata aliyekosana na baba yake.
Aje atie sahihi, au dole gumba; wino upo.
Amekuwa wa nne kati ya themanini na sita.
Hili sikupaswa kuliandika.

Shule itafunguliwa tarehe nane Julai.
Nimeangalia: litakuwa giza.
Waleteni hivyo hivyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Nyanzala Misalaba,
Makamu Mkuu wa Shule.

Nakala:
Ubao wa matangazo.
Faili.
Mwaloni, kwenye nguzo ya mzani wa dagaa,
pale ambapo hakuna asiyeinua macho.